KARAMU YA KUANDIKA

Sehemu ya tisa

"Nirisema karamu," alijibu Rosebella Naliaka.

Hilo ndilo jibu mlilolisubiri siku saba, tangu sehemu ya nane ilipoishia akiulizwa kama neno lake la uwanjani lilikuwa karamu au kalamu. Barua kumi na tatu zilimfikia mhariri zikiapa kwamba angezimia kizimbani. Hakuzimia. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai ya maziwa na kula viazi vitamu viwili, na alisimama imara kuliko kizimba chenyewe, ambacho kilikuwa kinayumba.

Mahakama ililipuka. Kwenye benchi la tatu, kando ya dirisha, kiongozi wa waasi, Phineas, aliinua ngumi. Mbele, wakili wa Rosebella, Adhiambo, alijifunika uso kwa faili. Kiongozi wa mashtaka, Bwana Kiprono, alitabasamu kama mtu aliyeletewa chakula kabla ya kuagiza.

"Mheshimiwa, mshtakiwa amekiri," alisema Kiprono. "Naomba miaka mitatu, halafu twende chakula cha mchana."

"Saa hizi ni saa nne na robo," alisema Hakimu Moraa. "Keti."

Kwa yule aliyefungiwa omena kwa gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, mambo ni haya.

Miezi mitatu iliyopita, kiwanda kipya cha sukari cha Lusimba kiliwaita wakulima wa miwa mia nne na kumi na wawili kwenye uwanja wa Khayega. Walitakiwa kusaini mkataba wa kukiuzia kiwanda hicho peke yake miwa yao yote kwa miaka tisa. Wakurugenzi walikaa chini ya hema. Wakulima walikaa chini ya jua. Nyuma ya hema kulikuwa na kuku themanini na sita kwenye masufuria, na obusuma, ugali wetu, ya kutosha kujengea ukuta. Chakula hicho kilikuwa cha wageni waheshimiwa.

Saa nane mchana, Rosebella, mkulima wa ekari mbili, alisimama katika mstari wa mbele akauliza swali la maneno matatu.

"Karamu iko wapi?"

Watu mia nne nyuma yake hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Walinusa upepo, wakalijibu swali hilo kwa miguu. Dakika kumi na moja baadaye hapakuwa na kuku. Mkurugenzi mmoja alibaki na kiatu kimoja. Mkutano ulivunjika, na uasi ukazaliwa.

Ripoti ya polisi inawaita waasi. Wenyewe wanajiita Wanakaramu. Tangu siku ile hakuna trekta la miwa lililofika Lusimba. Barabara zimezibwa kwa magogo, na kila gogo limeandikwa maneno yale matatu. Kiwanda kinadai kwamba wakulima wengi walikuwa wameshasaini kabla ya vurugu, ila fomu zenyewe hakuna aliyewahi kuziona. Kwa hiyo kila mkulima anamshuku jirani yake.

Neno hilo lilisambaaje? Phineas ameandika kijitabu cha kurasa kumi na sita kuhusu jambo hilo. Anasema alifunga siku saba katika msitu wa Kakamega, na siku ya saba sauti ikamshukia kutoka juu ya mti. Mwenye nyumba wake mtaani Shieywe anasema wiki hiyo Phineas alikuwa anakula chapati kwake kila jioni, nne nne. Mimi namwamini mwenye nyumba. Mti haukuweza kuhojiwa.

Ukweli ni mwepesi zaidi. Mwendesha boda boda aitwaye Joash alitoka Khayega siku ile ile akiwa na paja la kuku mfukoni. Alipofika sokoni Iguhu aliulizwa kuna nini. Mdomo wake ulikuwa umejaa, kwa hiyo alijibu kwa kifupi: "Karamu iko wapi!" Soko lote likacheka, likarudia. Jumapili, mhubiri mmoja alianza mahubiri juu ya arusi ya Kana, na kwaya ya akina mama ikamuuliza kwa sauti nne karamu iko wapi. Mahubiri yaliishia hapo. Kufikia Jumatano, vijana wa Shieywe walikuwa wanasalimiana hivi: "Karamu?" "Iko wapi!"

Kisha neno likafika Mumias.

Watu wa Mumias wana Kiswahili chao safi na hawapendi kukichezea. Walipolisikia neno kutoka kwa waendesha boda boda, walilisahihisha kwa adabu. Wao wakaandika ukutani: KALAMU IKO WAPI? Na wakalipa maana: leteni kalamu, lakini tusome mkataba kwanza. Ndivyo Wanakalamu walivyozaliwa. Makundi hayo mawili yalikutana barabarani mwezi uliopita, yakapigana juu ya herufi moja. Jino moja lilivunjika, la fundi viatu ambaye hakuwa upande wowote.

Sasa turudi kizimbani, kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyeshtakiwa kwa uchochezi, na mtu huyo alikuwa ametoa ahadi mbili.

Jana yake, Phineas alimnong'oneza Rosebella kupitia nondo za selo: "Mama yetu, usitutupe. Kesho sema karamu." Rosebella alimjibu, "Nitasema karamu." Phineas akaondoka ameridhika.

Nusu saa baadaye wakili Adhiambo alimwambia, "Mama, usiogope. Kesho sema kalamu." Rosebella alimjibu, "Nitasema karamu." Adhiambo naye akaondoka ameridhika. Hiyo ilikuwa kesi yake ya nne. Ya tatu ilihusu mbuzi.

Adhiambo aliondoa faili usoni. Kuna jambo lilikuwa limemjia.

"Mama," alisema, "ulisema karamu. Karamu ya nini?"

"Ya kuandika, binti yangu. Si ya kura."

Kiprono aliruka. "Kura! Mheshimiwa, sasa ameingiza uchaguzi!"

"Kura na mdomo," alieleza Rosebella, akimsikitikia. "Kura obusuma, baba. Kwani wewe hurangi?"

"Anamaanisha kula," hakimu alimwambia karani. "K-u-l-a. Endelea, wakili."

Adhiambo alichomoa kalamu kwenye mfuko wa koti akainyanyua juu.

"Hii ni nini?"

"Karamu."

"Na mtu akioa, watu wakaalikwa, wakala, wakanywa, hiyo inaitwaje?"

"Hiyo ni kalamu. Kalamu ya halusi."

Kicheko kilianzia benchi la nyuma kikafika mpaka kwa askari wa mlangoni. Hakimu Moraa aliinama akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mheshimiwa," alisema Adhiambo, na sauti yake sasa ilikuwa na mfupa, "kinywani mwa mshtakiwa, karamu ni chombo cha kuandikia. Kama angetaka kuwachochea watu ili wale kuku wa wageni, angepiga kelele 'kalamu iko wapi', na hakuna kuku hata mmoja ambaye angeguswa!"

"Uongo!" Phineas alisimama. "Hilo neno lilitoka msituni! Lina nguvu ya..."

"Msitu haumo kwenye orodha ya mashahidi," alisema hakimu. "Keti nawe."

Phineas aliketi. Uso wake ulikuwa umepauka. Vuguvugu lake lilikuwa limegeuka ombi la kuazimwa kalamu, na waandishi wa habari watatu walikuwa wanaandika.

Hakimu alifungua daftari lake. Rosebella alianza kufunga vizuri leso yake, kama mtu anayejiandaa kushuka. Nyumbani Khayega alikuwa amemwacha ng'ombe mmoja na miwa ya miezi kumi na minne. Angefika kabla ya saa tisa.

Hapo ndipo Kiprono alipoinuka tena, polepole safari hii, bila tabasamu.

"Mheshimiwa, kabla hujaandika. Kielelezo namba sita. Kimenifikia leo asubuhi kutoka kiwandani."

Aliweka karatasi moja mezani.

"Hii ni fomu ya mkataba ya mshtakiwa. Jina lake, namba yake ya kitambulisho, saini yake. Imegongwa muhuri saa mbili asubuhi, siku ile ile ya mkutano. Swali lake aliliuliza saa nane mchana." Aligonga karatasi kwa kidole. "Mtu aliyesaini saa mbili asubuhi anatafuta kalamu ya nini saa nane mchana?"

Ile hoja nzuri ya Adhiambo ilikuwa imekatwa miguu. Kama Rosebella alikuwa ameshasaini, hakuhitaji kalamu. Kama hakuhitaji kalamu, alimaanisha kuku. Na kama alimaanisha kuku, ni miaka mitatu. Ana miaka hamsini na minane. Angetoka akiwa na sitini na mmoja, na miwa haimngojei mtu.

Lakini lililomuuma Rosebella kwanza halikuwa hilo.

"Kumbe ulisaini!" ilisema sauti kutoka benchi la pili. Ilikuwa ya Maximilla, jirani yake, aliyempelekea uji rumande siku nne mfululizo. "Rosebella! Sisi tunalala barabarani kulinda magogo, kumbe wewe ulituuza asubuhi kabla ya chai!"

Na Maximilla akachukua mkoba wake akasogea mpaka mwisho wa benchi, mbali kabisa na kizimba.

"Nionyesheni hiyo kitu," alisema Rosebella.

Karani alimpelekea fomu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza tena.

"Hii mwandiko ni nzuli sana," alisema hatimaye. "Hata mwarimu wangu hakuandika hivi. Si yangu."

"Kila mshtakiwa husema hivyo," alisema Kiprono.

"Basi nipeni kalatasi. Na hiyo kitu ya wakiri." Alinyoosha kidole kwenye mfuko wa Adhiambo. "Jina rake siritaji tena. Rimeniretea matata."

Hakimu alikubali kwa kichwa. Rosebella aliegemea ukingo wa kizimba akaandika. Ilimchukua dakika nzima. Alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka mahali pawili. Karani aliichukua, akaisoma, akamtazama hakimu kwa macho ya mtu anayeomba msamaha, akampa.

Hakimu Moraa alisoma. Akaisoma tena.

"Mama, hili ni jina lako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tangu dalasa ra piri."

"Umeandika 'Losebera Nariaka'."

"Ndiyo."

"Kitambulisho chako kinasema 'Rosebella Naliaka'."

"Hiyo iriandikwa na selikali," alisema Rosebella, bila kinyongo. "Mimi sikuwaurizanga."

Kwenye fomu ya kiwanda, kwa mwandiko mzuri wenye mikia, R na L zilikuwa zimekaa kila moja mahali pake pa kiserikali.

"Anaigiza!" Kiprono alisema. "Mheshimiwa, hicho ni kiini macho cha dakika ya mwisho. Ana ushahidi gani kwamba huandika hivyo siku zote?"

Adhiambo alipekua faili lake kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hakukuwa na kitu.

Kisha mwisho wa benchi la pili zipu ya mkoba ilifunguliwa.

"Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama," alisema Maximilla. Hakumtazama mtu. "Tunakutananga kila Alhamisi. Kila mtu anasaini daftari la mahudhurio. Liko hapa."

Daftari lilipita mkono kwa mkono mpaka kwa hakimu. Lilikuwa na harufu ya mafuta ya taa na lilianza miaka mitatu iliyopita. Hakimu alifungua ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, kama inavyotakiwa. Losebera. Losebera. Losebera. Alhamisi mia moja na arobaini na nne, na hakukosea hata moja.

"Saini iliyo kwenye kielelezo namba sita si ya mshtakiwa," alisema hakimu.

Maximilla alirudi na mkoba wake mpaka mwanzo wa benchi. "Dada, nisamehe," alisema.

"Nyamaza, utafukuzwa," alijibu Rosebella. "Utaniomba samahani na kuku."

"Kuku tena!" ilisema sauti ya nyuma, na hakimu akagonga meza.

"Mwiteni karani wa kiwanda."

Titus, karani wa Lusimba, alikuwa ameketi karibu na mlango. Ndiye shahidi aliyeapa wiki jana kwamba alisikia uchochezi kwa masikio yake mawili. Alikuja mbele akijipangusa kipaji.

"Titus, siku ya mkutano wakulima walikuwa wangapi?"

"Mia nne na kumi na wawili, Mheshimiwa."

"Ninyi mlibeba kalamu ngapi?"

"Moja."

"Moja?"

"Ilitosha, Mheshimiwa."

"Watu mia nne na kumi na wawili, kalamu moja, na ilitosha. Nielimishe."

Titus alikuwa mtu wa takwimu. Watu wa takwimu hujibu swali kabla ya kujiuliza linakwenda wapi.

"Kwa sababu fomu zilikuwa tayari, Mheshimiwa. Zilifika ofisini asubuhi zikiwa na saini zote."

"Zote?"

"Zote mia nne na..." Aliishia hapo. Alikuwa ameona linakokwenda.

"Sasa kalamu moja ilikuwa ya kazi gani?"

Titus alitazama viatu vyake.

"Ya picha, Mheshimiwa. Mkulima mmoja aonekane anasaini."

Wakulima waliokuwa ndani ya mahakama hiyo walitazamana. Miezi mitatu walikuwa wameshukiana, majirani hawaazimani chumvi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusaini.

"Fomu hizo zililetwa ofisini na nani?"

"Mheshimiwa, naomba maji."

"Utakunywa ukishajibu."

"Zililetwa na mwakilishi wa wakulima. Wa wakati ule. Ndiye aliyekuwa na namba zao za vitambulisho. Alisema wamemtuma awasainie." Titus alijipangusa kipaji tena. "Alipoona mkutano umevunjika, kesho yake akaja kutuambia amehamia upande wa pili."

Hakuhitaji kutaja jina. Watu wote wa Khayega walijua mwakilishi wao wa wakati ule alikuwa nani. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja kutazama benchi la tatu, alikokuwa ameketi Phineas.

Benchi la tatu lilikuwa na nafasi moja wazi. Dirisha lililo kando yake nalo lilikuwa wazi.

"Mkamateni!" alisema hakimu.

Askari watatu walikimbilia mlangoni, akiwemo aliyekuwa akimlinda Rosebella. Hawakufika mbali. Nje ya mlango palikuwa pamejaa watu kiasi kwamba hata fimbo isingepita imelala.

Waliokuwa nje walikuwa wakingoja habari tangu saa mbili. Wanakaramu walisimama upande mmoja wa mtaro, Wanakalamu upande mwingine, kila kundi na mabango yake. Ndani, watu walikuwa na ukweli. Nje, watu walikuwa na macho tu, na kile walichokiona ni kiongozi wao akitoka dirishani kwa kichwa, shati limepasuka, askari wakipiga filimbi nyuma yake.

"Wanataka kumuua!" alisema mmoja.

"Ameponyoka!" alisema mwingine.

Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, makundi yale mawili yalikubaliana. Waliruka mtaro, wakamnyanyua Phineas juu ya mabega, na wote wakapaza sauti moja. Nusu walisema karamu, nusu walisema kalamu, na kwa jinsi walivyokuwa wengi sikio halikuweza kutenganisha.

Phineas aliwapungia mkono. Upande wa pili wa barabara pikipiki ilikuwa inanguruma, haina abiria. Mabega yalikuwa yanampeleka huko huko.

Ndani, Hakimu Moraa alisema kwa haraka, lakini kwa mpangilio.

"Mama, nisikilize. Saini ni ya uongo, hilo nimeliona. Lakini mtu aliyeiandika simwoni hapa, na Titus anaweza kukana kesho. Bila yule bwana kusimama mbele yangu, kesi hii haiishi leo. Utarudi rumande. Sijui ni kwa muda gani."

"Na akipanda hiyo pikipiki?" aliuliza Rosebella.

"Hatutamwona tena."

Kizimba hakikuwa na mlinzi. Rosebella alishuka ngazi mbili, akapita mbele ya Kiprono, ambaye alivuta miguu kumpisha, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha lile. Hakuna aliyemzuia. Alishika ukingo kwa mikono yote miwili akatoa kichwa nje.

Chini yake kulikuwa na watu zaidi ya mia nne wakipiga kelele. Phineas alikuwa amebakiza hatua ishirini kuifikia pikipiki.

"Mama," alisema Adhiambo, "tafadhali, chagua neno vizuri."

Rosebella alijaza kifua, akamnyooshea Phineas kidole. Alichagua vizuri.

"Mwizi!"

Neno hilo halina L wala R. Lilitua upande huu wa mtaro na upande ule jinsi lilivyotoka kinywani mwake, na safari hii hapakuwa na mtu wa kulisahihisha. Kelele zilikatika. Watu wa nyuma waliinua macho kwenye dirisha, wakamwona ni yeye, wakafuata kidole chake mpaka kilipoishia.

Juu ya mabega yao, Phineas aliacha kupunga mkono.